Maswali ya Wasomaji: Lenzi ya Rangi Gani kwa Jua la Kibo?

Barua za mwezi huu zimetoka Moshi na Arusha, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: msomaji amesimama mbele ya meza ya miwani, anaona rangi kumi, na hajui achukue ipi. Nimezijibu sita. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu majibu ya nyingine yote yanaitegemea.

Shikamoo daktari. Mimi ni mwongozaji wa watalii mlimani Kilimanjaro, naishi Pasua, Moshi. Nina miwani mbili. Ya kwanza ni ya skii, yenye mkanda wa kufunga kichwani, niliyoipata kwenye mitumba ya Memorial, na lenzi yake ni ya rangi ya machungwa. Ya pili ni nyeusi tii, niliyouziwa na machinga kwa maelezo kwamba inazuia jua lote. Wageni wangu huja na lenzi za kijivu, za kahawia, za kijani, na nyingine zinazong'aa kama mafuta juu ya maji. Naomba kujua nivae ipi ninapokwenda kileleni Uhuru, na kama ni kweli kwamba iliyo nyeusi zaidi ndiyo bora zaidi.

Marahaba. Kabla ya yote nirekebishe cheo ulichonipa: mimi ni mtaalamu wa miwani, nimezeeka nikikata lenzi na kuzipaka rangi, lakini udaktari wa macho sijausomea.

Swali lako limebeba maswali matatu, ambayo wauzaji huyafunga pamoja kama mzigo mmoja. La kwanza ni kama lenzi inazuia mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni na ambayo kwenye miwani huandikwa UV. La pili ni kiasi gani cha mwanga unaoonekana kinapita kwenye lenzi hadi kulifikia jicho. La tatu ni rangi yenyewe. Lenzi inaweza kuwa nyeupe kama maji ya chemchemi na ikazuia urujuanimno karibu wote, na nyingine ikawa nyeusi kama chungu huku ikiuachia upite. Plastiki inayoitwa polikaboneti, ambayo ndiyo lenzi nyingi za miwani za skii zimetengenezwa nayo, huzuia sehemu kubwa kabisa ya mionzi hiyo hata kabla haijatiwa rangi yoyote, kwa kuwa kinga imo ndani ya plastiki yenyewe. Ndiyo maana miwani yako ya Memorial, ikiwa ni ya polikaboneti na haijachunika, huenda inakulinda dhidi ya UV kuliko ile nyeusi tii.

Nyeusi isiyozuia UV ina hatari ya ziada. Mboni ya jicho hujifinya penye mwanga mkali na kupanuka penye giza. Ukiiweka nyuma ya lenzi nyeusi, inapanuka ikidhani jioni imeingia. Na kama lenzi hiyo haizuii urujuanimno, umeufungulia mlango ambao jicho lenyewe lilikuwa limeufunga nusu. Tafuta maandishi ya UV400, maana yake ni kwamba lenzi inazuia mionzi yote yenye urefu wa wimbi usiozidi nanomita 400, ambako urujuanimno unaishia. Maandishi peke yake hayatoshi, kwa kuwa stika huchapwa na yeyote mwenye mashine, na nitalirudia jambo hili katika barua inayofuata.

Sasa kuhusu ukolevu. Miwani iliyotengenezwa kwa kufuata viwango vya kimataifa huwa na tarakimu kuanzia 0 hadi 4, iliyochapwa kwa herufi ndogo upande wa ndani wa mkono wa miwani. Daraja la 0 hupitisha asilimia 80 au zaidi ya mwanga. Daraja la 1 hupitisha kati ya asilimia 43 na 80. La 2 kati ya 18 na 43. La 3 kati ya 8 na 18. Na la 4 kati ya asilimia 3 na 8 tu. Kwenye miwani za skii tarakimu hizo hutanguliwa na herufi S. Miwani nyingi za jua zinazouzwa mjini ni za daraja la 3, nazo zinamtosha mtu anayetembea Moshi saa saba mchana. Daraja la 4 limetengwa kwa ajili ya theluji, barafu na milima mirefu, na kwa kawaida huchapwa mchoro wa gari lililokatwa kwa mstari, kwa kuwa ni marufuku kuendesha nalo.

Je, Kibo kunahitaji la 4? Fikiri hivi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kila unapopanda mita 1,000 urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10, kwa hiyo kati ya Moshi, iliyo chini ya mita 1,000, na Uhuru kwenye mita 5,895, umejiongezea karibu nusu ya ulioanza nao, tena kwenye latitudo ya nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, ambako jua la mchana liko karibu na utosi. Juu ya hapo, theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo, wakati mchanga mkavu wa ufukweni unarudisha asilimia 15 hivi. Mwanga unakujia kutoka juu na kutoka chini, ambako kofia haikusaidii.

Hata hivyo mlima wetu si weupe siku zote. Siku ambazo hakuna theluji mpya, njia ya kutoka kambi ya Barafu hadi Stella Point, ukingoni mwa kreta, ni kokoto na vumbi la volkano, ardhi nyeusi isiyorudisha mwanga mwingi, na hapo daraja la 3 lililo zuri linatosha kabisa. Siku ambayo theluji imeanguka usiku na jua limechomoza bila wingu, daraja la 4 ni raha kubwa. Kama uwezo wako ni wa kununua moja tu, nunua la 3 lenye ukubwa wa kufunika hadi nyusi na lenye vikinga vya pembeni, kwa sababu mwanga unaoingia kwa pembeni ya lenzi ya daraja la 4 iliyo ndogo hauulizi lenzi ni ya daraja gani.

Kuhusu rangi, kijivu hupunguza rangi zote kwa uwiano unaokaribiana, hivyo dunia inabaki na rangi zake, ila imefifia. Kijani kilichokolea kiko karibu na kijivu, kikipendelea kidogo sehemu ambayo jicho huona vizuri zaidi. Kahawia hufanya kazi nyingine: hupunguza mwanga wa buluu, ambao ndio hutawanywa zaidi na hewa, ndio unaolifanya anga liwe la buluu na milima ya mbali ionekane imefunikwa na utando. Ukiuondoa, kingo za vitu hukazika. Tena kivuli kilicho juu ya theluji siku ya jua huangaziwa na anga la buluu, kwa hiyo lenzi ya kahawia hukifanya kiwe cheusi zaidi, na shimo au nyayo iliyoganda huonekana mapema. Kwa mwongozaji anayetafuta mahali pa kukanyaga, mimi ningechagua kahawia. Kwa mgeni anayetaka kuona mawio kwa rangi zake, kijivu.

Ile ya kung'aa kama mafuta juu ya maji ni suala la utando wa kioo uliopakwa nje, unaorudisha sehemu ya mwanga kabla haujaingia. Rangi ya utando si rangi ya lenzi. Ukitaka kuijua rangi halisi, ishike miwani juu ya karatasi nyeupe na utazame kupitia upande wa ndani. Nyekundu inayowaka moto kwa nje mara nyingi ni kijivu cha kawaida kwa ndani.

Na miwani zako mbili? Hiyo ya rangi ya machungwa, kwa kawaida huwa ya daraja la 1 au la 2, ambalo ni la siku ya mawingu, na juu ya theluji yenye jua itakuchosha hata kama haikudhuru. Usiitupe. Ivae unapoteremka na upepo ukirusha vumbi la kokoto, kazi ambayo miwani ya kawaida haiiwezi, na ivae asubuhi yenye ukungu. Usisugue upande wake wa ndani kwa kitambaa, kwa sababu umepakwa dawa ya kuzuia mvuke nayo hutoka; ikilowa, itikise na uiache ikauke. Ile nyeusi ipeleke kwa mtaalamu ipimwe kabla ya safari nyingine.

Mimi ni mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, natoka Machame. Katika safari yangu ya mwisho theluji ilianguka usiku tukiwa Barafu, na alfajiri nilipanda na begi la mgeni hadi kileleni nikiwa na miwani nyeusi ya bei ndogo. Kushuka nilikuwa mzima. Usiku, tukiwa kambi ya Mweka, macho yalianza kuuma kama yametiwa mchanga, machozi yakanitiririka, nikashindwa hata kutazama taa ya simu. Baada ya siku mbili yalipona. Wenzangu wanasema ni baridi na upepo. Ni kweli? Na nitaitambuaje miwani inayozuia mionzi?

Pole sana, kijana wangu. Upepo na baridi vinakausha jicho na kulifanya litoe machozi palepale, ukiwa ungali juu. Maumivu yanayosubiri kwa muda wa saa sita hadi kumi na mbili ndipo yabishe hodi, yakiwa na hisia ya mchanga na kuchukia mwanga, ni dalili za upofu wa theluji, yaani konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, iliyoungua kwa urujuanimno jinsi ngozi inavyoungua. Wengi hawaihusishi na jua kwa sababu hiyohiyo ya kuchelewa. Sababu ziwezekanazo kwako ni mbili: ama lenzi zako hazikuzuia UV, ama zilizuia lakini zilikuwa ndogo na mwanga wa theluji ukapenya kutoka chini na pembeni. Zote mbili hutokea pamoja mara nyingi.

Ikitokea tena, kaa gizani, weka kitambaa chenye maji ya baridi juu ya kope zilizofungwa, na usiyafikiche. Usikubali mtu akutie matone ya ganzi mara kwa mara. Maumivu huisha, lakini konea hucheleweshwa kupona. Yasipopungua baada ya siku mbili, au ukiona ukungu machoni, nenda hospitali. KCMC pale Moshi ina idara ya macho. Na mgeni akilalamika hivyo usiku, usimwambie ni vumbi.

Kuhusu kuitambua miwani, njia ya uhakika ni mashine ndogo ya kupimia UV, ambayo maduka mengi ya miwani yanayotengeneza lenzi wanayo, na kipimo huchukua sekunde chache. Mimi simtozi mtu kwa hilo, na sioni kwa nini mwingine amtoze. Vijana wamenieleza pia njia ya tochi ya zambarau ya kukagulia noti. Wanaweka lenzi kati ya tochi na karatasi nyeupe ya ofisini, ambayo hung'aa chini ya urujuanimno, wakiitazama karatasi moja kwa moja bila kupitia lenzi. Karatasi ikiacha kung'aa, lenzi inazuia. Njia hiyo ina ukweli, lakini ina mipaka. Tochi nyingi za bei rahisi hutoa mwanga wa nanomita 395 hivi, ukingoni kabisa mwa kile ambacho UV400 inatakiwa kuzuia, pamoja na zambarau inayoonekana kwa macho, kwa hiyo lenzi nzuri inaweza kuonekana kama inavuja kidogo. Itumie kuikataa lenzi ambayo karatasi yake inang'aa kana kwamba hakuna kitu mbele yake. Kwa mengine nenda kapime.

Neno moja kuhusu bei, kwa kuwa umelitaja kama kosa. Zipo miwani za bei ndogo za polikaboneti ambazo hupita kipimo bila tabu, na nimewahi kupima za bei kubwa zilizoghushiwa jina zikashindwa. Bei haipimi mionzi.

Mhariri, nimepata nafasi ya masomo Innsbruck, Austria, na wanafunzi wenyeji wameniahidi kunifundisha kuteleza kwa skii. Dukani kwenye intaneti naona miwani zenye lenzi za waridi, za njano, za buluu na nyeusi, nyingine zinauzwa na lenzi mbili za kubadilisha. Mimi mtoto wa Sakina, Arusha, theluji nimeiona kwa mbali tu. Nichukue rangi gani?

Hongera kwa masomo. Kabla hawajakutania kwamba umetoka nchi isiyojua skii, waambie kwamba mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo na kushuka theluji yake kwa skii, na barafu iliyobaki ndani ya kreta inaitwa kwa jina la Furtwängler hadi leo.

Kule tatizo lako la kwanza halitakuwa jua kali. Msimu wa skii wa Ulaya ni majira ya baridi, mchana ni mfupi, jua hukaa chini angani, na siku nyingi mawingu hufunika mlima. Wingu zito likikaa juu ya theluji, mwanga hutoka kila upande kwa usawa, kivuli hupotea, na mteremko wenye matuta huonekana kama shuka lililonyooshwa. Mtu huteleza kwenye shimo ambalo hakuliona, wala si kwa uzembe. Kwa siku hizo huvaliwa lenzi za njano, machungwa au waridi za daraja la 1, ambazo hupitisha mwanga mwingi na kupunguza buluu, ili kile kivuli kidogo kilichobaki kionekane zaidi.

Nasema kilichobaki, kwa sababu matangazo huahidi zaidi ya hapo. Lenzi haiwezi kuumba kivuli ambacho hakipo. Wingu likiteremka hadi likawa ukungu, njano na waridi zote zinakupa weupe wa njano na weupe wa waridi; siku hiyo wenye busara huteleza kando ya miti, ambako vigogo vyeusi vinawapa kitu cha kupimia mteremko, au hurudi kunywa chai.

Siku ya jua, utataka daraja la 3, kahawia, shaba au kijivu. Kwa hiyo nakushauri ununue ile yenye lenzi mbili: moja ya S1, nyingine ya S3. Ukilazimika kuwa na moja, chukua S2 ya waridi iliyokolea au shaba, ambayo haitakuwa bora siku yoyote na haitakuangusha siku nyingi. Za buluu ziangalie kwa ile karatasi nyeupe niliyoitaja: ikiwa buluu ni utando wa nje tu na ndani ni waridi au kahawia, sawa, ikiwa lenzi yenyewe ni ya buluu, inapitisha kwa wingi ule mwanga ambao wengine wanalipa fedha kuuondoa.

Hakikisha pia kwamba lenzi ni ya tabaka mbili, yenye hewa katikati, kwa kuwa tabaka moja hupata mvuke haraka unapohema kwa nguvu, na anayeanza kujifunza huhema kwa nguvu sana. Na ijaribu ukiwa umevaa kofia ngumu. Pengo kati ya miwani na kofia huungua jua vizuri tu hata kwa ngozi yetu.

Shikamoo mzee wangu. Naendesha watalii Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, kituo changu ni Arusha. Muuzaji mmoja ananishawishi ninunue lenzi zinazobadilika rangi juani, mwingine ananiambia za polaroidi. Nitumie zipi, na za rangi gani? Nataka nione barabara, nione mnyama, na macho yasiumie jioni.

Marahaba, dereva. Hizo zinazobadilika rangi ni nzuri kwa mwalimu anayetoka darasani na kuingia uani, lakini kwako zina kasoro ambayo muuzaji hakuisema. Zinatiwa giza na urujuanimno, na kioo cha mbele cha gari kinauzuia karibu wote. Matokeo yake, ukiwa kwenye usukani saa nane mchana lenzi zako zitabaki nyeupe au zitakolea kidogo tu, ila ukisimama chini ya paa lililofunguliwa kumwonyesha mgeni simba, hapo ndipo zitageuka. Joto nalo linazipunguzia ukolevu. (Mlimani mambo ni kinyume: kwenye baridi hukolea sana na huchelewa kurudi kuwa nyeupe.)

Polaroidi ni jambo tofauti. Mwanga ukigonga kitu kilicholala, kama maji, lami yenye unyevu au dashibodi, hurudi ukiwa umetikisika zaidi kwa mlalo, na lenzi ya polaroidi imepangwa kuuzuia mwanga wa namna hiyo. Mng'ao wa dashibodi juu ya kioo cha mbele unapungua, lami ya kwenda Makuyuni inaacha kumeta, na kwenye bwawa la viboko unaona mgongo ulio chini ya maji kabla ya mgeni. Kwa kazi yako nazipenda. Vumilia mambo mawili: skrini ya simu au ya ramani inaweza kuwa nyeusi ukiigeuza upande fulani, na vioo vya madirisha ya pembeni ya gari vinaweza kuonyesha madoa kama ya chui, ambayo ni alama za jinsi kioo kilivyoimarishwa kwa joto na wala si ugonjwa wa macho. Juu ya barafu, kwa faida ya wale wa mlimani, baadhi ya watelezaji huikwepa polaroidi kwa sababu mng'ao unaozuiwa ndio unaowaambia kwamba mbele kuna utelezi.

Rangi ya kahawia itakukatia utando wa vumbi na joto, na nyasi kavu zitasimama wazi. Lakini kama wageni wako ni wa ndege, chukua kijivu. Mwongozaji aliyevaa kahawia anaweza kumwapia mgeni kwamba kifua cha ndege ni cha hudhurungi ilhali mgeni anaona zambarau, na nimeelezwa kisa cha namna hiyo na mwenzako kwa uchungu mkubwa. Daraja liwe la 3, au la 2 kama unaanza safari alfajiri. La 4 ulikatae hata ukipewa bure. Na vumbi likijaa juu ya lenzi, lisuuze kwa maji kabla ya kufuta. Kila ukilifuta kavu kwa fulana unaipiga msasa.

Mimi ni bodaboda wa Kwa Mrombo. Nimeuziwa miwani za njano za kuendeshea usiku, eti zinapunguza ukali wa taa za magari yanayokuja. Ni kweli?

Hapana. Lenzi ya njano hupunguza mwanga wote unaolifikia jicho, zikiwemo taa za gari linalokuja na yule mtembea kwa miguu asiye na taa, ambaye ndiye uliyemhitaji kumwona. Viwango vya miwani vinasema lenzi inayopitisha chini ya asilimia 75 ya mwanga haifai kuendeshea usiku au magharibi. Kwa upepo na wadudu, tumia kioo cheupe cha helmeti kisicho na mikwaruzo, maana mikwaruzo ndiyo inayotawanya taa ikawa nyota machoni. Hizo za njano zivae mchana wa mawingu, ukipenda.

Mwalimu wa Marangu anauliza: Mimi navaa miwani ya kuonea mbali tangu sekondari. Shule yetu imealikwa kupanda hadi Kibo Hut, na wanafunzi wamenichagua niwasindikize. Siwezi kuvaa miwani mbili kwa pamoja. Nifanye nini, na je, lenzi zangu zinaweza kupakwa rangi?

Zinaweza, kutegemea zimetengenezwa kwa nini. Lenzi za plastiki ya kawaida, inayoitwa CR-39, huchovywa kwenye rangi ya moto na kutolewa kwa ukolevu unaotakiwa, kama kitambaa cha batiki. Plastiki hiyo huzuia sehemu kubwa ya urujuanimno lakini haifiki nanomita 400 peke yake, kwa hiyo mwambie fundi aichovye pia kwenye dawa ya UV. Ni chombo kinachokaa pembeni ya vile vya rangi, na asiyeagizwa hukisahau. Polikaboneti haishiki rangi vizuri, na iliyokwisha kupakwa utando wa kuzuia mng'ao haichovyeki. Kwa hiyo usiipeleke ile unayofundishia. Tengeneza nyingine ya CR-39 kwa vipimo vyako vipya, kahawia au kijivu cha daraja la 3, fremu kubwa, na mtandio wa kuziba pembeni. Njia ya rahisi zaidi ni vile vifuniko vyeusi vya kubana juu ya miwani, ambavyo ni sawa kabisa hadi kambi ya Horombo, ila upepo wa tambarare kati ya Mawenzi na Kibo huvirusha, kwa hiyo vifunge uzi.

Beba na ile nyeupe ya kila siku kwenye mfuko wa ndani wa koti. Jua likizama hapo juu giza huingia upesi, na mwalimu aliyebaki na lenzi za daraja la 3 peke yake atasindikizwa na wanafunzi.